Karatasi Iling'aa, Johana Akanyamaza

Kwa miaka kumi na tisa, mtu yeyote kati ya Kapkatet na Sigowet aliyekuwa na shaka na maji yake alimpelekea Johana Kiptum ayanuse.

Johana hakuwa mwalimu wala daktari. Alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya wavulana iliyozungukwa na mashamba ya chai, na kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kuosha chupa, kupima asidi na kuhakikisha hakuna mwanafunzi anayeondoka na spiriti mfukoni. Lakini alikuwa na pua. Mkulima angekuja na chupa ya maji ya kijito, naye angeitikisa mara mbili, afungue kifuniko, afumbe macho na kuvuta pumzi. "Hii ni kutu ya bomba tu, kunywa." Au: "Hii imeingiliwa na dawa ya kupe. Mwaga, na usimwage karibu na kuku." Hakudai malipo. Watu walimletea kabichi na maziwa, na wanafunzi walimwita Daktari Pua. Alijifanya kuchukia jina hilo. Siku ambazo hakulisikia alirudi nyumbani akiwa na uso mzito.

Mwezi wa Januari mwaka 1997 shule ilipata mwalimu mpya wa kemia, Cate Wanjuhi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, ametoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, na baba yake, Danson Wanjuhi, alikuwa na duka la misumari na mabati pale Kapkatet. Familia yao ilitoka Murang'a, ikakaa hapa tangu kabla Cate hajazaliwa. Wanafunzi walimwita Madam. Johana naye alimwita Madam, na mwanzoni alimwita hivyo kwa moyo safi.

Cate alikuwa na wazo alilotoka nalo chuoni. Alitaka kutengeneza karatasi ambayo mkulima asiyejua kusoma angeweza kuitumia kujua kama maji yana sumu ya josho au ya kunyunyizia mboga. Alimweleza Johana siku ya kwanza waliyoosha vyombo pamoja.

"Iko rangi moja, Mzee, hospitali wanaitumia kuangalia vidonda vya jicho. Ukiiwekea taa ya zambarau inang'aa kijani. Mimi nimeifunga mdomo. Nimeichemsha na asidi ya jamii ya siki, sasa haing'ai tena mpaka kitu kije kukata hilo fundo."

"Kitu gani kitakata?"

"Maji ya maini ya ng'ombe. Maini yana nguvu ya kukata. Lakini sumu ya kupe inaua hiyo nguvu. Kwa hivyo karatasi iking'aa, maji ni mazuri. Ikibaki giza, kuna sumu."

Johana alifikiri kidogo. "Kwa hivyo giza ndiyo inasema."

"Giza ndiyo inasema," Cate akacheka. "Umeshika haraka kuliko profesa wangu."

Maneno hayo Johana aliyabeba wiki nzima.

Na alisaidia, hilo lazima lisemwe. Karatasi za kwanza Cate alizikata kutoka daftari la mazoezi, na chini ya taa zote ziling'aa samawati hata kabla ya kuwekewa chochote. Cate alihangaika siku tatu. Johana ndiye aliyesema karatasi za daftari hutiwa dawa ya weupe kiwandani, akafungua kabati lake na kutoa karatasi za kuchujia, ambazo chini ya taa zilibaki nyeusi. Johana ndiye aliyekuwa akienda kwa Nyakundi mwenye bucha kila Ijumaa.

"Maini tena, Mzee?" Nyakundi angesema huku akinoa kisu. "Au umeoa wa pili na hatujaambiwa?"

"Ni ya maabara."

"Na mimi kisu changu ni cha upasuaji. Chukua, msalimie bibi harusi."

Maini yalisagwa, yakachujwa, karatasi zikachovywa ndani ya maji yake na kukaushwa kivulini. Vipande vingine vilichovywa katika ile rangi iliyofungwa. Mtu alitakiwa kudondosha maji yake kwenye kipande cha maini, asubiri robo saa, kisha akibandike juu ya kipande cha rangi na kukimulika. Taa yenyewe ilitoka kwa Danson, ile ndogo ya betri ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti.

Mwezi wa Julai kazi ilikamilika. Afisa wa kilimo alikuja na naibu chifu, wazazi wakaalikwa, na Cate akapima maji ya josho mbele yao. Karatasi ikabaki giza. Akapima maji ya bomba. Karatasi ikawaka kijani kama jicho la paka, na ukumbi mzima ukaguna kwa mshangao. Mwalimu mkuu, Bwana Gichana, alisimama akasema shule imezaa mwanasayansi. Afisa wa kilimo akasema wilaya nzima itamtambua binti huyu. Cate aliposhukuru watu alimtaja baba yake kwa taa, akawataja walimu wake wa chuo, akawataja wanafunzi wa kidato cha tatu. Pengine jina la Johana lilikuwa kwenye ulimi wake likazuiwa na makofi. Wakati huohuo Bwana Gichana alimwita Johana kwa kidole.

"Mzee, hebu lete viti viwili. Na soda ya afisa iwe baridi."

Johana alileta viti. Alileta soda. Jioni, nyumbani, mkewe Chepchumba alimuuliza sherehe ilikuwaje.

"Ilikuwa ya karatasi," akasema.

Tangu siku hiyo kitu kilikaa kifuani mwake. Wivu hauingii kwa mtu kwa kishindo. Huingia ukiwa umevaa nguo za haki, ukimwambia mwenye nyumba kwamba amedhulumiwa, na mwenye nyumba akishaukaribisha hauombi ruhusa tena. Johana alianza kuhesabu. Alihesabu watu waliokuja Jumamosi, siku ambayo Cate alipima maji ya majirani bure, na akahesabu wangapi walimpita mlangoni bila kumnusisha kitu. Alifungua daftari la Cate la majaribio akitafuta jina lake, ukurasa baada ya ukurasa. Aliona "maini ya bucha". Aliona "karatasi ya kuchujia imefaa". Johana Kiptum hakuwamo. Aliposikia wanafunzi wakisema Daktari Pua amestaafishwa na tochi, alicheka pamoja nao, kisha akavunja kikombe cha kioo kwenye sinki kwa kukisugua mno.

Hata sauti ya Cate ikimsalimu "Habari ya asubuhi, Mzee" ilianza kumchoma, kwa sababu ilikuwa sauti njema.

Mwisho wa Oktoba mvua zilianza, zile mvua kubwa ambazo watu walikuja kuziita El Nino. Barabara zilikatika, magari ya kubeba majani chai yalikwama siku mbili mbili. Ijumaa moja maji yalijaa kwenye josho lililo juu ya kilima na kufurika. Chini ya kilima kulikuwa na chemchemi ambayo nyumba kama thelathini zilichota. Naibu chifu alitoa amri: hakuna kunywa mpaka Madam apime.

Jumamosi saa nne asubuhi akaja Chepkurui, mama Fancy, mjane mwenye shamba dogo la chai mita mia kutoka chemchemi. Alikuwa ametumwa na majirani wote. Alivua gamboti mlangoni, akaingia bila viatu, na mikononi mwake alishika sotet, kibuyu cha maziwa, kilichofungwa kifuniko cha ngozi na kupambwa shanga.

"Chamgei, Johana."

"Chamgei mising. Umeleta maziwa ya mursik?"

"Nimeleta maji! Madam alisema chombo kisafi. Jerikeni yangu iliwekwa mafuta ya taa. Nimeamka alfajiri nikaosha hii, nikasugua, nikatengeneza kabisa. Iko chombo gani safi kuliko hii?"

Kwa mwanamke wa Kipsigis hakuna. Kutengeneza sotet ni kuichoma ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet na kuipaka makaa yake mpaka iwe nyeusi tii, ili maziwa yakae siku nyingi bila kuharibika na yapate ile harufu tamu. Chepkurui alikuwa ameyapa maji ya chemchemi heshima ya maziwa ya mgeni.

Johana aliipokea. Akafungua kifuniko, na kwa mazoea akanusa. Hakusikia harufu ya dawa. Hakusikia hata harufu ya udongo, ilhali kijiji kizima kilikuwa kikinuka udongo. Alisikia senetwet tu.

Hapo akajua. Kila mwaka, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amewapangia vijana wa kidato cha tatu meza ya jaribio moja: sukari guru iliyoyeyushwa, maji ya kahawia, makaa yaliyosagwa, chujio. Maji yaliingia kahawia na kutoka meupe, kwa kuwa makaa hunyonya yaliyomo ndani ya maji na kuyashika. Maji haya yalikuwa yamekaa ndani ya makaa tangu alfajiri. Yaliyotoka kwenye sotet hayakuwa tena yale yaliyomo kwenye chemchemi.

Cate, ambaye kwao maziwa yaliwekwa kwenye mkebe, aliyamimina yale maji kwenye kikombe cha kioo na kuyainua dirishani.

"Hizi chembe nyeusi ni nini, Mzee?"

Alikuwa na nafasi. Nafasi ilikuwa pana kama mlango wa kanisa. Chepkurui alikuwa amesimama pale, Cate alikuwa akimtazama usoni, akingoja jibu kama mtu anayemwamini anayemuuliza. Na kitu kilichokaa kifuani mwa Johana tangu Julai kikamwambia: mwache akosee. Mara moja tu, watu waone.

"Vumbi tu, Madam," akasema.

Cate akadondosha. Wakasubiri robo saa, Chepkurui akieleza jinsi ndama wake alivyozaliwa usiku wa mvua. Cate akabandika vipande, akamwambia Johana ashike taa. Johana akashika taa kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ikang'aa kijani.

"Maji yenu ni mazuri, mama Fancy," Cate akasema, akatabasamu.

"Asante, Madam! Mungu akuzidishie. Kesho kanisani tutapika chai na haya maji, mje wote."

Johana alirudi nyumbani akiwa na raha mbovu, kama ya mtu aliyekula chakula cha wizi. Alijiambia huenda josho halikufika chemchemini. Alijiambia mvua ni nyingi, sumu itakuwa imepungua. Alijiambia kazi ya kupima si yake, walisema wenyewe. Alilima kipande cha sukuma wiki mpaka giza lilipoingia.

Asubuhi ya Jumapili Chepchumba alikuwa akifunga kitambaa cha kichwa.

"Beba hii sufuria kubwa utusaidie kwa mama Fancy," akasema. "Wamekubaliana chai ya watu mia mbili ipikwe kwake, kwa sababu maji yake yamepimwa. Watoto wa Sunday school watakunywa kwanza."

Johana akaacha kijiko ndani ya uji. "Watu mia mbili?"

"Si ni harambee ya madhabahu? Wewe unaishi wapi?"

Alikuwa ameshatoka. Hakuchukua sufuria wala koti. Mtu wa miaka arobaini na saba alikimbia kwenye tope katikati ya michai, akianguka na kuinuka, na majirani waliomwona walidhani amefiwa.

Kwa Chepkurui moto ulikuwa umewashwa nje, chini ya bati. Mapipa mawili ya chuma yalikuwa yakianza kutoa mvuke. Johana hakusalimu. Alilisukuma la kwanza kwa mguu, kisha la pili, na maji yakazima moto kwa mlio mkubwa.

"Johana! Umeshikwa na nini?" Chepkurui alipiga kelele.

"Nani amekunywa? Niambie, nani amekunywa?"

Kabla hajajibiwa alimwona ndama. Alikuwa amelala ubavuni karibu na beseni, miguu ikimtetemeka, povu mdomoni. Na kwenye kizingiti cha jikoni alikaa Fancy, binti wa miaka tisa, akiwa na gauni lake la kanisani, amejitapikia, mate yakimtoka bila kukoma. Johana alimshika kidevu akamwangalia macho. Mboni zake zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Wakati huo pikapu ya Danson Wanjuhi ilikuwa ikipanda njia polepole, imejaa mikate ya ile chai, Cate ameketi mbele na baba yake. Johana alisimama katikati ya njia na mtoto mikononi. Danson akafunga breki. Mikate ilitupwa majanini, Chepkurui akapanda nyuma pamoja na Johana, na gari likateremka Kapkatet likiteleza huku na huku.

Hospitalini daktari alimwangalia Fancy mara moja tu. "Dawa ya wadudu," akasema, akaitisha sindano.

"Haiwezekani," Cate akasema. "Nilipima. Jana nilipima mimi mwenyewe."

Waliambiwa wasubiri nje. Ilipofika saa tano uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa watu wa chemchemi waliofuata kwa miguu, wengi wakiwa na Biblia kwapani. Kipngeno, shemeji yake Chepkurui, alimsogelea Cate mpaka mwavuli wake ukamgusa bega.

"Ile karatasi yako ya kumetameta, Madam. Ilisema nini jana?"

"Ilisema ni salama. Sijui ni kwa nini. Naomba mnisamehe, sijui ni kwa nini."

"Hujui! Lakini makofi ulijua kupokea. Mmekuja hapa na duka, tukanunua. Mmekuja na tochi ya kumulika pesa, mkaigeuza ya kumulika maji yetu. Mtoto wetu akikufa mtarudi kwenu na hiyo mabati yote?"

Watu waliitikia kwa mguno wa chini. Danson Wanjuhi alisikia maneno hayo bila kushtuka, maana hayakuwa mapya kwake. Miaka mitano nyuma, wakati wa ghasia za kikabila, alikuwa ameyasikia yakisemwa nje ya duka lake, na kesho yake hakukuwa na duka.

"Cate," akasema taratibu, "ingia kwa gari."

Cate hakuenda. Alikuwa akilia wazi, mikono yake ikining'inia.

Johana alikuwa ameegemea nguzo, matapishi ya mtoto kwenye shati lake. Alichokuwa amekitamani tangu Julai kilikuwa mbele yake, kimeiva. Karatasi ilikuwa imekufa mbele za watu, na Jumamosi ijayo wangerudi kwake na chupa zao. Ilitosha kuendelea kuegemea nguzo. Mama mmoja hata alimgeukia na kusema, "Afadhali pua ya Johana."

Ni neno hilo lililomwondoa kwenye nguzo.

"Kipngeno, mwache," akasema. "Karatasi haikudanganya. Ilipima maji iliyoletewa. Maji yalikuja kwa sotet. Yale makaa ndani ya sotet yalinyonya sumu yote, ikabaki kwenye kibuyu. Madam hajui sotet. Kwao hawana."

"Na wewe unajuaje?"

"Kwa sababu nilijua jana."

Chepkurui, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi, akainua kichwa. "Ulijua jana saa ngapi?"

"Saa nne. Uliponipa mkononi. Aliniuliza chembe nyeusi ni nini, nikasema vumbi."

"Kwa nini?"

Johana alimtazama yule mjane, akatafuta njia ya kulisema ambayo ingelifanya dogo, asiipate.

"Nilitaka akosee," akasema. "Nilimwonea wivu."

Kipngeno alifunga mwavuli, akaufungua tena, kama mtu asiyejua mikono yake ifanye nini. Chepkurui hakumtukana. Alivuta kanga usoni, akageuka upande wa ukuta. Cate alimtazama Johana kwa muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma kipimo na kukuta namba asiyoitarajia. Kisha akaingia kwa gari.

Fancy aliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya Alhamisi. Ndama alikufa siku ileile ya Jumapili.

Kesho yake, Jumatatu, Bwana Gichana alimwita Johana ofisini. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Johana alifungua mkanda, akachomoa funguo za maabara alizozibeba tangu 1978, akaziweka mezani. Angebaki kuosha vyombo mpaka bodi iketi. Funguo zilipewa Cate.

Alasiri ile Cate alimkuta kwenye sinki. Alikuwa na chupa ya soda na sotet mpya iliyokwisha kupakwa makaa, aliyonunua sokoni Kiptere.

"Nimechota maji ya chemchemi," akasema. "Nusu nimeweka kwa chupa, nusu kwa sotet, tangu asubuhi. Shika taa."

Hakumwita Mzee.

Johana alikausha mikono, akashika taa. Kipande cha maji ya chupa kilibaki giza. Kipande cha maji ya sotet kiling'aa kijani, kizuri vilevile kama siku ile ya wageni. Cate alifungua daftari lake na kuandika kwa dakika nyingi, kisha akaligeuza likamwelekea, akaenda kufunga madirisha.

Alikuwa ameandika: *Maji yaletwe kwa chupa ya kioo pekee. Kibuyu kilichopakwa makaa huondoa sumu kwenye sampuli na kuleta jibu la uongo. Kosa hili lilitambuliwa na Johana Kiptum, mhudumu wa maabara, Jumamosi saa nne asubuhi. Hakusema.*

Johana alisoma jina lake. Lilikuwa limeandikwa vizuri, herufi zote mahali pake. Akalisoma tena, akafunga daftari, akarudi kwenye sinki ambako vyombo vilikuwa vikimngoja.

Jumamosi iliyofuata Chepkurui alikuja na chupa ya soda. Johana alikuwa mlangoni, akanyoosha mkono kwa mazoea ya miaka kumi na tisa. Chepkurui alimzunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi, akaipeleka chupa mwenyewe kwa Madam.